Upinde Hauvai Miwani

Waliowahi kulima mbaazi kando ya Mto Tana hawana haja ya kufafanuliwa methali ninayotaka kuithibitisha hapa. Miti miwili husimama katika shamba moja, ikanyeshewa mvua moja na kuchomwa na jua moja. Mmoja hutoa maua ya manjano mpaka nyuki wakagombana. Wa pili hubaki majani matupu. Huo mtupu, lau ungekuwa na kinywa, ungekwambia kwamba jua la mwaka huu lilikuwa kali mno. Nasi binadamu ndivyo tulivyo. Tukishindwa, hutafuta pa kuutua mzigo wa aibu, na ni nadra kuutua mlangoni petu. Ila wapo wanaosingizia kwa adabu, wakanung'unika kidogo na kunyamaza, na wapo wanaosingizia kwa wivu, wakawaita na wazee waje kushuhudia. Randu alikuwa wa kundi hili la pili.

Randu alikuwa mkulima wa Kigiriama, mtu wa makamo, mrefu, mwenye kifua kipana na maneno mengi. Kijiji chao kilikuwa kati ya Garsen na Idsowe, mahali ambapo mto ukijaa huacha tope jeusi, na tope hilo likikauka huotesha mahindi yanayomficha mtu. Lakini mahindi mazuri hayapendwi na watu peke yao. Nguruwe mwitu huyataka na nyani huyataka, na hakuna hata mmoja wao anayebisha hodi. Kwa hiyo kila mwanamume wa kijiji hicho alijua kuvuta upinde, na mavuno yalipokaribia palikuwa na desturi iliyoachwa na wazee waliotangulia kuja kutoka kusini. Wapiga mishale walishindana kulenga shina la mgomba lililopakwa chokaa, na aliyeshinda alikabidhiwa podo la ngozi la kubebea mishale, mali ya mzee aliyefyeka shamba la kwanza pale.

Usidhani podo lile lilikuwa pambo. Mwenye podo ndiye aliyepanga walinzi, akasema nani akeshe juu ya dungu lipi na nani alale nyumbani na mkewe. Hindi la kwanza kuchomwa aliletewa yeye. Akisema neno barazani, wenzake walinyamaza kwanza ndipo wakabisha. Podo hilo lilining'inia juu ya kitanda cha Randu tangu bintiye wa kwanza, Kadzo, alipokuwa anaota meno, na sasa Kadzo alikuwa ameolewa na ana mtoto mgongoni. Randu alikuwa amelizoea podo lile kama mtu anavyozoea jina lake.

Miongoni mwa aliowafundisha kuvuta upinde alikuwa Gunga, ndugu mdogo wa mkewe Jumwa. Alimfundisha mwenyewe, tangu kuchagua kijiti cha mshale mpaka kufunga unyoya. Gunga alipokuwa hajui kitu, Randu alimpenda sana. Alimpenda pia alipojua kidogo. Alipoanza kujua vizuri, mapenzi yale yalipungua kwa siri, kama maji ya mtungi wenye ufa.

Kisha yakaja mafuriko ya El Nino, mto ukalala mashambani kwa miezi. Maji yalipoondoka watu walipanda upya, na mahindi yakaota kwa hasira. Mwaka huo wa tisini na nane, mavuno yalipokaribia, Randu alitoka kujinoa kwa mashindano, akagundua jambo ambalo hakulitarajia. Mishale yake ilikuwa haifiki ilikotumwa. Mmoja ulikwenda kulia, mwingine ukaruka juu ya mgomba ukapotelea kwenye mahindi.

Alilaumu unyoya, akaubadilisha. Alilaumu ugwe wa upinde, ule wa nailoni alionunua Garsen, akasema vitu vya dukani siku hizi ni takataka, akafunga mwingine. Alilaumu upepo wa mtoni. Hatimaye alimlaumu Jumwa kwamba bila shaka aliuruka upinde wakati wa kufagia, na kila mtu ajua upinde uliorukwa na mwanamke hugoma. Jumwa, mwanamke mpole asiyependa kelele, aliapa kwamba hajauruka hata mara moja. Randu akasema basi ameuruka bila kujua.

Kitu kimoja tu hakukilaumu, nacho kilikuwa karibu naye kuliko vyote. Siku moja aliona mtu akija na ng'ombe wake, akamwita kwa furaha, "Bonaya! Karibu, Bonaya!"

Mtu yule alisogea mpaka wakapeana mikono. Alikuwa Dukicha, mfugaji wa Kiorma aliyekuwa akileta ng'ombe kula mabua baada ya mavuno, rafiki wa miaka mingi. "Randu, mimi si Bonaya," akasema akicheka. "Bonaya ni mjomba yangu, yeye mzee sana. Wewe kila siku naita mimi jina yake. Macho yako iko sawa?"

"Nyinyi nyote mnavaa kikoi kimoja," Randu akamjibu. "Nani atawatofautisha?"

Asubuhi moja Randu alisikia kishindo kutoka uwanja wa mazoezi. Mshale unapoingia kwenye mgomba mbichi hutoa sauti nene, na mpiga mishale huijua sauti hiyo kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Kishindo kilifuatwa na vifijo, kisha kishindo kingine, na vifijo tena. Randu aliuacha uji wake ukipoa, akaenda kuona. Gunga alikuwa amesimama katikati ya watu, na mishale yake imesongamana ndani ya chokaa.

"Karibu, mlamu," Gunga alimwamkia shemeji yake kwa heshima. "Umeamkaje?"

Badala ya kuitikia salamu, Randu alisogea mpaka karibu kabisa. Macho yake yalikuwa kwenye upinde wa Gunga. Juu kidogo ya mahali pa kushikia palifungwa uzi mweusi, na kwenye uzi huo ulikaa ushanga mmoja mwekundu.

"Hicho ni nini?"

"Ni ushanga, mlamu. Nauweka juu ya alama, halafu ndio naachia. Mkono ukiyumba, ushanga unaniambia." Gunga aliunyoosha upinde kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkubwa wake maji ya kunawa. "Shika ujaribu. Tafadhali. Utaona ulivyo mwepesi."

Watu waligeuka kumtazama Randu. Mkono wake ulitaka kuupokea upinde ule, lakini roho ilimkataza. Alipeleka mikono mgongoni.

"Mimi nimelenga kabla hujazaliwa," akasema, "na sijahitaji kufungiwa shanga kama mwari."

Wengine walicheka. Gunga aliushusha upinde taratibu. Randu aliondoka, na alipokuwa njiani kishindo kilisikika tena nyuma yake. Kila kishindo kilimchoma. Si kwamba aliukasirikia ushanga. Ukweli ni kwamba alikuwa anamwonea Gunga kijicho, na kijicho kile kilikuwa kimekomaa. Alimwonea kijicho kwa shabaha yake, kwa ujana wake, kwa vile watu walivyomzunguka, hata kwa kule kumwamkia kwa adabu. Adui mwenye adabu anaudhi, kwa maana hakupi nafasi ya kumchukia kwa raha.

Nyumbani alimkuta Jumwa akipepeta mtama. Aliinama kuchukua maji, na hapo akaona, karibu kabisa na uso wake, mkufu wa shanga nyekundu aliomnunulia Garsen mwaka ambao mahindi yalikubali. Katikati ya mkufu palikuwa na pengo.

"Ushanga mmoja umekwenda wapi?" akauliza.

Jumwa hakuficha. "Nilimpa Gunga."

"Shanga nilizonunua mimi!"

"Ni ushanga mmoja, Baba Kadzo, si ng'ombe. Na yule ni ndugu yangu."

"Na mimi ni nani wako? Mbona mimi hukunipa?"

Jumwa aliacha kupepeta. Alimtazama mumewe kwa muda, kama mtu aliyeufikia mto na kujiuliza kama maji yanavukika. "Ungeutaka?" akamuuliza.

"Wa nini? Mimi ni kipofu?"

Jumwa aliinamisha kichwa, akarudi kwenye mtama wake. Randu aliketi kizingitini. Sasa wivu ulikuwa umeingia mpaka chumbani. Aliwaza kwamba ndugu wale wawili wamepanga kumvua podo, na mkewe ndiye aliyetoa silaha. Kadiri alivyowaza ndivyo alivyoamini, maana wivu ni hakimu asiyeita mashahidi.

Kesho yake alikwenda kwa Mzee Pekeshe. Huyu ndiye aliyesimamia mashindano kila mwaka, mzee mfupi mwenye kikohozi cha tumbaku, aliyependa kesi kuliko chakula. Randu alimweleza kwamba mila inakufa. Mzee Pekeshe akawaita wanaume wote uani kwake, wakakaa juu ya magogo na vinu vilivyolazwa, na Randu akasimama kusema.

"Wazee wangu na ndugu zangu," alianza, "uta na mishale tuliachiwa na mababu. Babu alilenga kwa jicho na moyo. Hakupima, hakufunga alama. Mshale ulikwenda kwa sababu yeye aliutaka uende. Leo mtu anafunga ushanga kwenye upinde, anachungulia kama fundi cherehani anayetunga uzi, halafu anasema ameshinda. Ameshinda yeye au umeshinda ushanga? Kama hatujui kulenga, tununue bunduki tujue moja. Upinde hauvai miwani!"

Maneno hayo yalipendeza, na watu wakapiga mapaja yao kwa viganja. Randu alijiona amekua kimo.

Mzee Pekeshe alimgeukia Gunga. "Una neno?"

Gunga alisimama. Hakuwa msemaji. "Nina dogo tu, mzee. Babu alifunga ugwe wa mishipa ya mnyama. Leo sote tunafunga nailoni ya dukani, hata mlamu wangu. Babu alifuliwa chembe za mishale na mhunzi. Leo tunaponda misumari ya mbao. Hayo hatukuyaita kuua mila. Ushanga hauvuti upinde, mzee, wala haumshiki mtu mkono usitetemeke. Unamwonyesha tu amekosea wapi. Sioni ubaya wake. Na kuna mtu mzima anaweza kufaidika nao kuliko mimi."

Aliposema hayo ya mwisho alimtazama Randu, kisha akatazama chini. Randu aliyasikia kama tusi.

"Mnasikia? Sasa ananiita mzee! Aseme hapa hapa kama bila huo ushanga anaweza kitu."

Watu walibishana mpaka jua likavuka kichwa. Wapo waliosema nailoni na ushanga ni mamoja, na wapo waliosema nailoni haikusaidii kuona. Mzee Pekeshe alikohoa, akatema, akatoa shauri. "Mpaka mavuno ya mwakani, atakayefunga kitu cha kulengea kwenye upinde wake hatashindana, wala hatashika zamu ya upinde shambani."

"Na iwe kwa yeyote," Randu akadakia. "Isiwe leo kwa huyu, kesho akafunguliwa yule. Hata mimi mkiniona nao, ninyang'anyeni upinde."

"Una hakika, Randu?" mzee akamuuliza.

"Nina hakika kama ninavyojua jina langu."

Gunga alitoa kisu, akakata uzi mweusi, akautia ushanga mfukoni. Hakugomba. Usiku ule Randu alilala usingizi wa mtoto.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa. Wanawake walikuwa upande mmoja na masufuria yao ya wali na mbaazi za nazi, wanaume upande wa pili na kelele zao. Dukicha alikuwapo pia. Kila mwaka aliitwa kukaa karibu na shabaha na kusema mshale umeingia wapi, kwa sababu hakuwa wa ukoo wa mtu yeyote pale, na Waorma ni watu wa mkuki, hawana la kugombea katika mambo ya upinde. Shina la mgomba lilisimamishwa, na upande mmoja likapakwa duara la chokaa la ukubwa wa sahani. Mshale ulioingia nje ya chokaa haukuhesabiwa.

Wengine walipiga wakatoka. Wakabaki Randu na Gunga, kama kila mtu alivyotarajia. Randu aliuona upinde wa Gunga mtupu, bila ushanga, akatabasamu.

Gunga alivuta, akaachia. Kishindo. Dukicha alisogea, akachungulia. "Ndani!"

Randu alivuta. Mkono wake ulikuwa imara kama zamani, lakini mbele yake mgomba ulikuwa kivuli kirefu, na chokaa imeyeyuka ndani ya mwanga. Aliachia pale alipodhani. Mshale ulipita kando ukachimba mchanga.

Watu hawakujua watazame wapi. Randu alimnyooshea Gunga kidole. "Upinde wake una alama!" alipaza sauti. "Ametoa ushanga, akachora mahali pengine. Hamwoni ujanja huu?"

Mzee Pekeshe aliuchukua upinde wa Gunga, akaupapasa juu mpaka chini. "Sioni kitu. Lakini ukitaka, badilishaneni."

Wakabadilishana. Gunga akavuta upinde wa Randu, ambao hakuwahi kuuvuta tangu alipokuwa mwanafunzi. Kishindo. "Ndani!" Dukicha akaita. Randu akavuta upinde wa Gunga. Mshale uligusa ukingo wa mgomba ukarukia pembeni.

"Huyu hapati shabaha, mzee!" kijana mmoja akasema, na wenzake wakaangua kicheko. Kicheko kile kilimwingia Randu mpaka kwenye mifupa. Alitazama huku na huku akitafuta mkosaji, na mkosaji aliyebaki alikuwa juu ya vichwa vyao wote.

"Ni jua," akasema. "Limenikabili usoni. Nani anaweza kulenga akitazama jua? Geuzeni uwanja!"

"Jua hilo hilo limemwangaza na Gunga," mtu mmoja akanong'ona. Lakini Mzee Pekeshe aliinua mkono. "Mpeni anachotaka. Asije kusema tulimnyima."

Vijana wawili walilibeba shina, wakalihamisha upande wa pili wa uwanja na kulisimika upesi, huku wapiga mishale wakihamia pale shina lilipokuwa. Sasa jua lilikuwa mgongoni. Katika haraka ile, vijana wale walilisimika shina kinyume. Chokaa ilikuwa nyuma, imeelekea kwenye mahindi. Upande uliowatazama watu ulikuwa mtupu, gome la mgomba tu.

Dukicha aliona kosa, akainuka kwenda kuligeuza. Lakini Randu alikuwa tayari amesimama kwenye mstari, miguu ameipanga, mshale ameuweka.

"Acha, Bonaya! Usiguse!" akaita. "Hapo hapo. Sasa ndiyo naiona alama. Jua lilikuwa linanionea tu."

Dukicha aliganda. Watu waligeukiana. Mtu mmoja alifungua kinywa aseme, lakini Mzee Pekeshe alimkazia macho akanyamaza. Kisha mzee akauliza, kwa sauti ya chini, "Unaiona alama, Randu?"

"Nyeupe pee! Kama ninavyokuona wewe."

"Una hakika?"

"Mzee, unataka niape?"

Akavuta. Lazima tumpe haki yake: ulikuwa mvuto mzuri, wa mtu aliyezaliwa na upinde. Mshale ulikwenda moja kwa moja ukajikita katikati ya shina, kwa kishindo kinene kuliko vyote vya siku ile.

"Katikati!" Randu alipiga kelele, akarusha upinde juu. "Mmeona? Mmeona wenyewe? Semeni sasa! Aliyekuwa ananishinda ni jua!"

Hakuna aliyepiga kofi. Hata wanawake walikuwa wameacha kukoroga masufuria. Randu alizunguka akiwatazama, furaha bado imemjaa usoni, akidhani wameduwaa kwa ustadi wake. Dukicha alilikumbatia shina, akalizungusha polepole mpaka duara la chokaa likawaelekea watu, na mshale wa Randu ukawa umeelekea kwenye mahindi.

"Randu, rafiki yangu," akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha wowote. "Alama iko hapa. Huko uliona, hapana kitu."

Randu alitazama. Aliona kivuli kirefu kikizunguka, basi. Nyeupe hakuiona hata sasa. Alitembea mpaka kwenye shina, watu wakimpisha, na alipofika karibu kiasi cha kunyoosha mkono ndipo chokaa ilipojitokeza mbele yake. Aliigusa. Vidole vyake vikawa vyeupe. Upande ule mwingine aliushika mshale wake, umesimama peke yake kwenye gome tupu. Akaona aibu.

Gunga alimfuata, akasimama karibu naye ili wengine wasisikie. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ushanga mwekundu.

"Mlamu, huu ni wako," akasema. "Dada ndiye aliyefikiria. Aliona chai unaimimina nje ya kikombe na watu unawakosea majina. Akasema ukiambiwa na mkeo utakasirika, lakini ukiuona kwangu utautaka. Mkono wako unajua njia. Ulihitaji kitu cha karibu cha kulishika jicho, ukiweke juu ya kile kivuli unachokiona. Mimi nilikuwa naujaribu tu kwa niaba yako. Ndiyo maana nilikupa upinde siku ile."

Randu aliutazama ushanga. Alikumbuka upinde ulionyooshwa kwa mikono miwili, na mikono yake mwenyewe mgongoni. Alikumbuka "Ungeutaka?" na jibu alilompa Jumwa. Alikumbuka jinsi alivyosimama uani kwa Mzee Pekeshe akaomba sheria iwe kwa yeyote, hata yeye. Kumbe kamba aliyomtegea Gunga ilikuwa imemkaa shingoni mwake wakati wote. Aligeuka kumtafuta Jumwa upande wa wanawake, na hakuweza kumpata. Leso zote zilikuwa zimechanganyika zikawa rangi moja. Ilibidi Jumwa mwenyewe avuke uwanja mzima, mbele ya macho ya watu, aje amguse mkono.

"Niko hapa, Baba Kadzo," akasema.

Podo lilikuwa limetundikwa kwenye kijiti karibu na Mzee Pekeshe. Randu alikwenda kulitoa mwenyewe, akalivika bega la Gunga. Vidole vyake vilikawia kwenye mkanda, maana nitakuwa mwongo nikisema wivu ulimtoka siku hiyo. Ulikuwapo bado, umekaa kifuani kama mfupa wa samaki. Lakini alilivika.

Desturi ilimpa aliyevuliwa podo haki ya mshale mmoja wa kuagia. Randu aliuchukua upinde wake, akasimama kwenye mstari. Watu walingoja kusikia safari hii atamlaumu nani. Aliuinua, kisha akasema, kwa sauti iliyosikika uwanja mzima:

"Mlamu, alama iko wapi?"

Gunga alisimama nyuma yake akamshika kiwiko. "Juu kidogo. Rudi kushoto. Hapo." Mshale ukaenda, ukaingia ukingoni mwa chokaa, nusu ndani na nusu nje. Haukuhesabiwa. Hata hivyo watu walipiga vifijo ambavyo Randu hakuwa amevisikia mwaka mzima, na hakuvifurahia kama alivyodhani angevifurahia.

Msimu ule Randu hakupewa zamu ya upinde. Bila ushanga hakuweza kulenga, na ushanga ulikuwa umepigwa marufuku kwa maneno yake mwenyewe. Gunga alijaribu kumwombea kwa Mzee Pekeshe, lakini mzee alisema shauri la wazee si shati la kuvuliwa likibana; angoje mavuno ya mwakani. Basi mwalimu wa wapiga mishale wa kijiji kizima akawa anapanda dungu kila asubuhi na debe tupu la mafuta na kijiti, kuwafukuza ndege. Ushanga ulirudi kwenye mkufu wa Jumwa, na pengo likazibika.

Siku moja Dukicha alipita na ng'ombe wake, akasikia debe likilia juu. Akasimama. "Randu! Mpiga mshale kama wewe napiga debe? Shida gani?"

Randu alikodoa macho kwenye kivuli kilichosimama chini. Ulimi ulikwishaanza kutamka neno jua. Akaurudisha.

"Macho yangu, Dukicha," akasema. "Na roho yangu. Macho yaliharibika kwanza, lakini roho ndiyo iliyoniangusha."

Shamba ni moja na mwanga ni mmoja, na anayemwonea mwenzake maua hatachanua kwa kuulaani mchana: mbaazi ukikosa maua husingizia jua.